Breki Nilizozifunga Kinyume

Mmeniuliza sana, nyinyi wenzangu wa baraza ya pale dukani, ilikuwaje shemeji yangu Swaleh akarudi kutoka Likoni na mkono kwenye plasta. Wa kwanza kuniuliza nilimjibu kwa maneno matatu nikabadilisha mazungumzo. Wa pili nilimdanganya. Nimeona heri niyaandike yote mara moja, niwape muyasome mimi nisipokuwapo, kwa sababu kuyasema huku mwanitazama usoni siwezi.

Mtopanga

Baiskeli ilikuwa ya marehemu baba mkwe wangu, Mzee Mbwana, aliyefanya kazi bandarini Kipevu mpaka akastaafu. Ni ile nyeusi ya zamani, fremu nzito, keria ya chuma nyuma, na breki za kubana rimu: raba mbili kila gurudumu, zavutwa kwa waya kutoka kwenye usukani. Tangu afariki ilikaa kwenye stoo yetu hapa Mtopanga, imefunikwa gunia. Mwaka huu mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, anayekaa Mtongwe upande wa Likoni, aliagiza irudishwe kwake. Hakusema ya nini, nasi hatukumwuliza.

Aliyepewa kazi ya kuipeleka ni Swaleh, mdogo wa mke wangu. Mwamjua, ndiye anayewauzia mahamri asubuhi, na wengi wenu mmewahi kumwona akikanda unga kwenye sinia lake kubwa, mikono mpaka kwenye viwiko. Njia fupi ni kupita kisiwani na kuvuka feri. Swaleh hakuitaka. Baba yake alivuka feri kila siku ya kazi, akisimama kwenye foleni na baiskeli hiyohiyo, na alikuwa akisema kwamba siku itakapojengwa barabara ya kutoka Miritini hadi Likoni bila kugusa feri, ataipanda yote, mwanzo hadi mwisho. Barabara ilipokamilika alikuwa ameshatangulia.

"Nataka nimpitishie," Swaleh aliniambia. "Twende sote, shemeji. Wewe panda yako."

Nilikubali upesi. Nikasema pia kwamba baiskeli nitaitengeneza mimi. Mke wangu, Zuhura, alisema breki zimekaa miaka bila kuguswa, tumpelekee fundi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya nati mbili tatu, haihitaji fundi. Mimi ni karani. Siku nzima nashika kalamu na karatasi za watu, na nyumbani hupenda nionekane mtu wa mikono.

Jioni ya kuamkia safari nilikaa uani na spana zangu. Raba za zamani zilikuwa zimekauka, ngumu kama gome la mti, nikazichomoa nikatia mpya. Nikafuta rimu kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka zikang'aa. Nikabadilisha waya, nikaukaza, nikarekebisha mikono ya breki ili raba za pande mbili ziguse rimu kwa pamoja. Nilipoizungusha tairi na kubana, ilisimama palepale. Nikamwita Zuhura aje aone. Kuna jambo moja sikulijua katika kazi ile, na kwa kuwa sikujua kwamba silijui, sikumwuliza mtu.

Kisauni hadi Makupa

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Swaleh alikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu. Alipiga kengele kila alipomwona mtu anayemjua, na Kisauni nzima yamjua. Mara tatu tulisimama kwa salamu zile ndefu za kwetu, za kuuliza habari za nyumbani, za wazee na za wagonjwa, mpaka nikaanza kutazama saa.

Kongowea tulikula mahamri na mbaazi kwa mama mmoja mwenye meza kando ya barabara. Swaleh alilivunja hamri, akalinusa, akalitafuna taratibu kama hakimu.

"Hiliki imezidi," aliniambia kwa sauti ndogo, "lakini kakanda vizuri. Huyu ana mikono."

Mama yule alisikia. Akaja akasimama mbele yetu akauliza nani asiyeipenda hiliki yake. Swaleh akamwamkia kwa heshima, shikamoo mama, akamweleza kwamba naye ni mkaanga mahamri, na wakaingia katika mazungumzo ya unga na tui na hamira ambayo sikuona mwisho wake. Tulipoondoka alikuwa ametufungia mengine kwenye gazeti. Hivyo ndivyo alivyo Swaleh. Hata anayemkosoa huishia kumpa zawadi.

Tukavuka daraja la Nyali, tukakata kisiwa, tukapita Makupa katikati ya malori. Pale Swaleh alibana breki mara nyingi, nami nilikuwa nyuma yake nikiitazama kazi yangu na kuridhika nayo.

Changamwe

Kwenye kilima cha Changamwe tairi yake ya nyuma ilipoteza upepo. Tulikokota baiskeli mpaka kwa fundi aliyekuwa ametandaza vifaa vyake chini ya turubai la buluu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, amekalia mtungi mtupu wa mafuta. Jina lake Kazungu. Alitusalimia, akailaza baiskeli, akachomoa tyubu bila kulivua gurudumu, akaanza kutafuta tundu ndani ya beseni la maji.

Swaleh alisema anasikia harufu ya viazi karai mahali fulani, akaenda kuvitafuta. Tulibaki mimi na fundi.

Alipokuwa akisubiri gundi ikauke, macho yake yalikwenda kwenye breki. Aliinama akatazama ya nyuma, kisha ya mbele.

"Bwana, breki hizi kafunga nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Ningependa nizitazame kidogo. Raba naona zimeanza kuchungulia. Vibati hivi vya kushikia raba, ukivitia..."

"Fundi," nilimkata, "wewe ziba tyubu. Breki nimeshamaliza."

"Ni dakika mbili tu, bwana. Sitakutoza kitu."

"Nimekwambia nimeshamaliza."

Alinitazama, kisha akatazama upande alikokwenda Swaleh. Akasema, "Haya, bwana," akarudi kwenye tyubu yake. Nilijiona nimemweka mahali pake. Mtu aliyekalia mtungi, nilijisemea, ataka kunifundisha.

Swaleh alirudi na viazi vya moto na ukwaju kwenye mfuko. Akamgawia fundi sehemu kubwa kuliko aliyonipa mimi. Wakala, wakataniana kuhusu tairi za zamani na za siku hizi. Fundi hakusema lolote kuhusu breki. Tulipokuwa tukipanda alimwambia Swaleh, "Nenda polepole, ndugu yangu. Mteremko uushuke polepole." Swaleh akaitika inshallah.

Miritini

Miritini tulicheleweshwa na jambo ambalo mpaka kesho yake Swaleh alilicheka. Tulikuwa tumesimama karibu na njia ya kuingilia stesheni ya treni, tukinywa madafu. Akatokea kijana mmoja wa bara, jasho latiririka, begi begani. Akamwona Swaleh na keria yake ya chuma, asiulize kitu, akapandia nyuma.

"Stesheni, mzee, haraka. Treni inaniwacha."

Swaleh alifungua mdomo amwambie kwamba sisi si wa kubeba abiria, kisha akanitazama akatabasamu. "Nishikie dafu, shemeji," akasema. Akaondoka naye mbio, yule kijana amekumbatia begi na magoti yamemtoka pembeni.

Alirudi baada ya nusu saa, amelowa jasho. Kijana aliwahi. Alitaka kulipa, Swaleh akakataa, na kijana akadhani amekasirishwa na udogo wa pesa, akaongeza, wakavutana hivyo mlangoni mpaka askari akawafukuza wote wawili. Nilicheka mpaka dafu likanipalia.

Kisha Swaleh akapangusa uso, akasema, "Lakini shemeji, breki zimechelewa kushika pale kwenye geti. Kidogo nimgonge askari."

"Ulikuwa na mzigo."

"Labda. Lakini nilipobana nilisikia kama kitu chateleza."

Hapo nilikumbuka maneno ya fundi. Nataka mjue kwamba niliyakumbuka. Nilisimama na madafu mawili mikononi, na kilichokuwa kinatakiwa ni kuinama na kutazama. Lakini kuinama kungekuwa kukubali kwamba yule wa Changamwe aliona kitu nisichokiona.

"Raba mpya," nilimwambia. "Zitazoea."

Yeye aliniamini. Akanywa dafu lake, tukaondoka.

Barabara ya madaraja

Barabara hiyo ni nzuri, pana, na upepo wake ni mwingi. Tuliendesha pembeni kabisa. Chini upande huu na upande huu palikuwa na mikoko na maji ya kahawia. Tulipofika juu ya daraja la pili Swaleh alisimama, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta, akakinga mikono, akamsomea baba yake Fatiha. Nikasoma naye. Alipomaliza alikipapasa kiti cha baiskeli kama mtu anavyopapasa bega la mwenzake.

"Umefika, baba," akasema. Kisha akapanda.

Baada ya daraja barabara huteremka. Yeye alitangulia, mimi nyuma kama hatua hamsini. Nilimwona akiongeza mwendo, na mbele yake, chini kabisa, mwanamke mmoja akiwa anavuka barabara na dumu la maji kichwani. Swaleh alipiga kengele. Mwanamke hakusikia kwa sababu ya upepo. Nikaona mikono ya Swaleh ikibana.

Kwanza kikatoka kitu cheusi kidogo kwenye gurudumu la mbele, kikaruka kikaanguka barabarani. Kisha nikasikia sauti ya chuma juu ya chuma, ndefu, kali. Kisha vikaruka vingine, mbele na nyuma. Baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Swaleh alipiga kelele, "Mama, simama," na yule mwanamke akageuka akasimama palepale katikati, ameduwaa. Swaleh akakata kushoto, akatoka nje ya lami, gurudumu likaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua, naye akaruka juu ya usukani, akaangukia mkono wake wa kulia.

Nilimfikia nikakuta amelala ubavu, amekunja uso, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Naona haya kuandika hili, lakini nimeahidi kuandika yote. Kabla sijamwinua kichwa, nilitazama gurudumu la mbele.

Vile vibati vya chuma vinavyoshika raba vina mwisho mmoja uliozibwa na mwisho mmoja ulio wazi. Mwisho uliozibwa hutakiwa uelekee mbele, ili gurudumu likiivuta raba, raba igote kwenye ukuta wa kibati, isiwe na pa kwenda. Mimi nilikuwa nimevifunga kinyume, vyote vinne. Kila mara Swaleh alipobana breki tangu asubuhi, gurudumu lilikuwa likizivuta raba zitoke kwa upande ulio wazi, kidogo kidogo. Nilielewa kwa kutazama mara moja. Ndilo alilotaka kuniambia fundi, na lingemchukua dakika mbili.

Yule mwanamke alikuwa ameshatua dumu lake. Alikuja mbio, akapiga magoti, akafungua leso yake ya juu, akamfunga Swaleh mkono kwa kijiti alichokiokota pembeni, haraka, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo. Alikuwa akisema pole mwanangu, pole mwanangu, na kulia, akidhani kosa ni lake.

"Si wewe, mama," Swaleh alimwambia, meno yameumana. "Breki zimekataa."

"Nani kaitengeneza baiskeli hii?" mwanamke akauliza, akinitazama mimi.

Ningejibu neno moja. Lakini Swaleh, kwa wema wake, alinitangulia.

"Shemeji," alisema, "yule fundi wa Changamwe, alizigusa breki nilipokwenda kununua viazi?"

Alinifungulia mlango, wala hakujua. Nikapita.

"Naona alizigusa," nikasema. "Alikuwa akizichezea."

Swaleh akafumba macho. "Na alivyokuwa mtu mzuri," akasema.

Nilikwenda kukusanya kiatu chake kilichokuwa kimerukia barabarani. Raba zote nne zilikuwa zimetapakaa karibu nacho. Niliziokota, nikageuza mgongo, nikazitupa mbali kwenye majani. Mwanamke yule alitupatia maji ya kunywa kutoka kwenye dumu lake na vipande vya muhogo wa kuchemsha aliokuwa nao kwenye kikapu. Swaleh alikula kimoja kwa mkono wa kushoto ili asimvunje moyo. Mimi nilikiweka changu mfukoni.

Ikapita pikapu ya mtu aliyekuwa akipeleka nazi Likoni. Akatupakia na baiskeli zetu juu ya nazi.

Mtongwe

Kwenye zahanati walisema mfupa wa kifundo umevunjika na mwingine una ufa, wakamtia plasta kutoka kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko. Daktari alimwuliza kazi yake. Swaleh alipomwambia, daktari akasema huo unga utangoja sana.

Bi Mwanakombo alitupokea mlangoni. Hakulia. Alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamtazama, akamkalisha kitandani, akamlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Kisha akatoka uani nilipokuwa nimekaa peke yangu karibu na baiskeli.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa tulikwishaamkiana.

"Marahaba. Sasa niambie, mwanangu. Ilikuwaje?"

Nilimweleza. Uongo uliokuwa na maneno manne barabarani ulipata miguu pale uani. Nilimwambia kwamba fundi alikuwa na koleo mkononi, kwamba nilimwambia aache, kwamba alionekana mtu asiyejali kazi yake. Sikulazimishwa kuongeza hayo. Yalikuja yenyewe, moja likilisaidia jingine. Alinisikiliza kimya mpaka nikamaliza.

"Huyo ni wa kukanywa," akasema. "Simtakii ubaya. Lakini kesho ataifungia baiskeli ya mwana wa mtu mwingine. Kesho kutwa twaenda kwake, sisi sote, na baiskeli yenyewe aione."

Nilimwambia hakuna haja, mama, mambo ya mafundi wa barabarani tuyaache. Nilimwambia jua kali. Nilimwambia Swaleh apumzike. Kila nililolisema alilijibu kwa upole, na kila jibu lilinibana zaidi, kwa sababu alidhani namhurumia yeye.

Kurudi Changamwe

Jirani mwenye pikapu alitupeleka. Mara hii tulivuka feri. Bi Mwanakombo alikaa mbele na buibui lake na miwani yake, mimi na Swaleh nyuma na baiskeli. Swaleh alikuwa akiniuliza kama naumwa, kwa kuwa nilikuwa sisemi.

Fundi Kazungu alitutambua tangu mbali. Alisimama, akaiona plasta, na uso wake ukasawijika. Alimwamkia Bi Mwanakombo, akamletea ule mtungi wake akalie. Hakukaa.

"Baba," alimwambia, "mimi ni mama wa huyu. Naambiwa wewe ulizigusa breki za baiskeli hii, na breki zikamtupa. Sikuja kugombana. Nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu, kazi hii ina roho za watu."

Fundi alinitazama. Nilitazama chini. Aliiteremsha baiskeli, akachutama mbele ya gurudumu, akapitisha kidole kwenye vibati vitupu, kimoja kimoja. Kisha akaja akasimama mbele ya Swaleh, na hivi ndivyo alivyosema, sikuongeza wala kupunguza:

"Ndugu yangu, nisamehe. Siku ile niliona raba zimetiwa kinyume. Nilipaswa kukwambia wewe uliyekuwa ukipanda. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumvunjia mtu heshima yake. Nilikwambia uende polepole, basi. Haikutosha."

"Kwa hivyo si wewe uliyezifunga?" Swaleh akauliza.

Fundi hakujibu. Hakunyosha kidole, hakunitazama tena. Alikuwa na haki ya kunivua nguo pale mbele ya mama mkwe wangu, na madereva wawili waliokuwa wakisubiri tairi zao wakisikiliza. Aliniachia.

Nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikalazimika kurudia.

"Nilizifunga mimi, mama. Nyumbani. Yeye hakuzigusa. Alitaka kuzirekebisha bure, nikamkataza. Na Swaleh aliniambia Miritini kwamba zateleza, nikamwambia zitazoea."

"Na raba ziko wapi?" fundi akauliza taratibu. Nafikiri alitaka tu kujua kama zingefaa kurudishwa.

"Nilizitupa," nikasema. "Ili zisionekane."

Lori lilipita, turubai likapepea. Bi Mwanakombo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Kisha akamgeukia fundi.

"Baba, nimekukosea. Nimekuja kwako na maneno ya mtu. Nisamehe kwa ajili ya Mungu."

"Hukunikosea, mama."

"Nimekukosea," akasema tena, na akainamisha kichwa mbele ya mtu yule, mwanamke mtu mzima kama yeye, mjane, kandokando ya barabara ya malori. Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Hiyo ndiyo picha inayonijia kila nikifunga macho. Plasta hainijii kama inavyonijia hiyo.

Fundi alitia raba mpya, nne, akiwa amegeukia upande wa Swaleh, akimwonyesha mwisho uliozibwa ukae wapi. Mimi nilitazama kwa nyuma yao. Kweli ni kazi ya dakika mbili.

Safari ya kurudi Mtongwe Bi Mwanakombo hakunisemesha. Swaleh alingoja mpaka tulipokuwa juu ya feri, injini zikivuma.

"Ungeniambia palepale barabarani," alisema, "ningecheka, wallahi. Mkono umevunjika na ningecheka. Ningesema shemeji na spana zake."

Nyumbani

Hiyo ndiyo habari. Baiskeli iko Mtongwe, na breki zashika. Mama mkwe wangu anaitikia salamu zangu kwenye simu, aulizia watoto, kisha aomba apewe Zuhura. Zuhura nilimweleza mwenyewe usiku wa kwanza niliporudi. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja, kama fundi yule ana familia. Sikujua.

Sasa mnajua kwa nini asubuhi hamnioni barazani. Nikitoka kuswali alfajiri naenda kwa Swaleh kukanda unga, kabla sijavaa nguo za kazini. Hakuniomba. Nilikwenda nikasimama mlangoni, akanipisha. Mahamri mnayoyalalamikia wiki hizi kwamba ni magumu ni yangu.

Juzi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sinia, yeye amekaa kwenye kigoda, mkono umetundikwa shingoni. Alinitazama nikikanda kwa muda mrefu.

"Shemeji, nikuulize," akasema. "Kama mama asingeng'ang'ania twende Changamwe, ungesema?"

"Sijui," nikasema.

Alingoja. Niliendelea kukanda, lakini nilijua kwamba jibu lile lilikuwa la aina ileile ya pale mferejini.

"La," nikasema. "Nisingesema."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepimiwa kitu akakiona kimetimia. Kisha akauinamia unga, akaubonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto.

"Bado mgumu," akasema. "Ongeza tui, endelea."